Sura ya Saba: Usuhuba wa Njiani

Wakaao mijini aghalabu hudhani kwamba mtu wa shamba hana haja ya kuhimizwa kutembea, maadamu kisima chake kiko bondeni, konde lake liko mlimani na soko lake liko ng'ambo ya mto. Na dhana hiyo haikukosa msingi. Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi ya Kenya, alichapisha habari za watu elfu moja aliowapima msukumo wa damu, akaeleza kwamba haukuwapanda kwa uzee kama ulivyowapanda watu wa Ulaya. Yaelekea chakula chao, uchache wa chumvi na jasho la kila siku vilishirikiana katika neema hiyo. Lakini leo pikipiki hufika hata kitongoji cha mwisho, na mtu ambaye babu yake alikwenda gulioni kwa miguu hulipa nauli ili asipande hata kilima kimoja. Basi maradhi ya kisukari na presha, yaliyohesabiwa zamani kuwa ya mabwana wa mjini, yamepata makazi shamba.

Uingereza ilitangulia katika hasara hiyo, na kwa hiyo ilitangulia pia kuitafutia dawa. Shamba la Kiingereza, ijapokuwa lina hewa safi na sura ya utulivu, ni mahali ambapo watu hutegemea gari kuliko wenyeji wa London, kwa kuwa maduka ya vijijini yamefungwa mengi na basi hupita kwa nadra. Katika kijiji cha Sonning Common, jimbo la Oxfordshire, daktari William Bird aliwaanzishia wagonjwa wake, katikati ya miaka ya 1990, matembezi ya pamoja katika mashamba na misitu iliyokizunguka kijiji, yakiongozwa na wenyeji waliojitolea bila ya ujira. Mwaka 2000 jumuiya ya hisani ya British Heart Foundation, pamoja na idara ya serikali iliyosimamia mambo ya shamba, iliutwaa mfano huo na kuueneza nchini. Fauka ya hayo, nchi ile ilikuwa na akiba moja adhimu: sheria ya mwaka 1949 ilikwisha kuziagiza serikali za mitaa zichore ramani za njia za miguu za umma, hata zile zipitazo katikati ya shamba la mtu, ili mpita njia asihesabiwe kuwa mvamizi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Siku ni ile ile ya juma, saa ni ile ile, na mahali pa kukutania hapabadiliki. Kiongozi mmoja hutangulia, naye amekwisha kuikagua njia ili ajue penye utelezi, penye ng'ombe na penye kivuko cha ua kisichofaa magoti ya wazee. Kiongozi wa pili hukaa nyuma kabisa, na sharti lake kubwa ni kwamba pasiwe na mtu nyuma yake. Safari hupangwa kwa daraja, fupi ya nusu saa kwa anayetoka kitandani, na ndefu yenye vilima kwa aliyekwisha kuzoea. Kipimo cha mwendo hakihitaji chombo: atembeaye aweze kuzungumza, ila asiweze kuimba, akiimba, anajivuta, na akishindwa kusema, amejilazimisha kupita kiasi.

Faida ya mwendo huo huanzia katika misuli ya mapaja na mashavu ya miguu, ambayo ikifanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa mzito kuiitika insulini, na wakati huo huo mishipa hutanuka, moyo ukapunguziwa mzigo. Wala kuteremka si mapumziko matupu. Katika milima ya magharibi ya Austria, mtafiti Heinz Drexel na wenzake waliwapandisha watu kwa miguu na kuwarudisha kwa gari la waya, kisha wakageuza zamu. Ikadhihirika kwamba kupanda kulipunguza mafuta ya damu, na kuteremka kuliusaidia mwili kuimudu sukari. Kwa akaaye milimani hii ni bishara njema, kwani mteremko anaoudharau nao una sehemu katika tiba.

Mwaka 2015 Sarah Hanson na Andy Jones, wa Chuo Kikuu cha East Anglia, walikusanya chunguzi 42 zilizohusu watu 1,843 waliotembea kwa vikundi, wakakuta kwamba msukumo wa damu wa juu ulishuka, kwa wastani, karibu milimita 4 za zebaki, mapigo ya moyo yalipungua na huzuni ilipoa. Kiasi hicho chaweza kuonekana kidogo, lakini hakina gharama wala madhara makubwa, na kikienea katika watu wengi huwa ni kinga ya viharusi vingi. Nasaha ya daktari mtu huisahau kabla hajafika kwake, lakini jirani anayemngoja penye njia panda hawezi kumsahau, kwa kuwa asipotokea ataulizwa, nayo haya ya kuulizwa humtoa nyumbani hata siku ambayo nafsi imegoma. Mjane hupata wa kuzungumza naye, na mgonjwa hujifunza kwa mgonjwa mwenzake.

Mtu mzima hutakiwa dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na saa moja mara tatu hutosha na kuzidi. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu na aanze kwa tabibu. Wengine wote, hasa enyi wauguzi, walimu na viongozi wa dini wa vijijini, msingoje fedha za mradi wala sare za kikundi: chagueni siku, tajeni saa, teueni wa mbele na wa nyuma, na juma hili hili muanze.