Ua wa Kariakoo Usiomo Katika Ramani

Kila msimu wa masika, mvua kubwa inapoanguka, baadhi ya mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam hugeuka vijito. Maji huteremka kutoka mapaa ya majengo marefu, hujaza mifereji, kisha husambaa barabarani kati ya wachuuzi, wachukuzi na wanunuzi. Watu wengi hueleza kuwa chanzo chake ni takataka zilizoziba mifereji. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Chanzo kingine kimo ndani ya viwanja vyenyewe, pale ambapo zamani palikuwa na ua wa udongo na leo pana sakafu ya zege.

Wataalamu wa mipangomiji wanapochora ramani, hupaka rangi ya kijani bustani na viwanja vya umma. Ua wa nyumba ya mtu haupakwi rangi hiyo. Kwa sababu hiyo, mji unaweza kupoteza sehemu kubwa ya ardhi yake ya wazi, na ramani isionyeshe kwamba kuna kilichopotea.

Mipango minne ya jiji moja

Mpango Kabambe ni hati inayoeleza jinsi ardhi ya mji itakavyotumika kwa muda mrefu, aghalabu miaka ishirini: wapi patajengwa nyumba, wapi viwanda, wapi barabara, na wapi paachwe wazi. Dar es Salaam imepata mipango minne ya namna hiyo. Wa kwanza, wa mwaka 1949, uliandaliwa na kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb and Partners ya Uingereza. Wa pili, wa mwaka 1968, na wa tatu, wa mwaka 1979, iliandaliwa na makampuni ya Kanada. Wa nne ni ule wa miaka 2016 hadi 2036.

Mpango wa 1949 ulitenga mikanda ya ardhi ya wazi ili upepo wa baharini upite katikati ya makazi. Wazo hilo lilikuwa na msingi wa kisayansi. Lakini mikanda hiyo hiyo ilitumika pia kutenganisha makazi ya watu kwa tabaka na kwa rangi. Mfano wa zamani zaidi ni Mnazi Mmoja. Enzi ya Waingereza, ukanda huo uliachwa bila majengo ili uwe mpaka kati ya Kariakoo, mtaa wa Waafrika, na eneo la biashara la Uhindini. Historia ikaugeuza mpaka huo. TANU ilizaliwa Julai 1954 kando yake, katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, na uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu ukawa mahali pao pa kukutania. Leo Mnara wa Uhuru umesimama hapo.

Hapa pana fundisho la kwanza: mstari uliochorwa na mpangaji hubaki ardhini muda mrefu kuliko nia yake. Uwanja ukishaachwa wazi, vizazi vijavyo vyaweza kuupa kazi nyingine. Ukishajengwa, nafasi hiyo ni vigumu kuipata tena.

Kwa nini mpango hurekebishwa

Hakuna mpango unaoweza kukaa bila kubadilishwa. Katika sensa ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 273,000. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1956, inatambua jambo hilo na kuweka utaratibu wa kuandaa mipango na kuifanyia marekebisho.

Shida hutokea pale mji unapobadilika upesi kuliko hati yake. Mpango wa 1979 ulilenga kuliongoza jiji kwa miaka ishirini. Muda huo ulipokwisha, jiji lilikaa miaka mingi bila Mpango Kabambe mpya. Katika kipindi hicho biashara ilipanuka, thamani ya ardhi ya Kariakoo ikapanda, na nyumba za chini zikabomolewa kiwanja kwa kiwanja ili kupisha maghorofa.

Nyumba iliyokuwa na ua

Kariakoo ilipimwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa mitaa iliyonyooka. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Nyumba iliyoenea katika mtaa huo ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba pande mbili, na nyuma yake ua wenye jiko, bafu na choo.

Ua huo ulikuwa mahali pa kupikia, kufulia, kuanikia nguo, kulelea watoto na kukalia matanga. Ulikuwa pia, ingawa hapakuwa na aliyeuita hivyo, chombo cha kupokea mvua na kupunguza joto. Ghorofa la biashara lililochukua nafasi ya nyumba hiyo mara nyingi hufunika kiwanja chote.

Hesabu ya maji

Mwanafunzi anaweza kukadiria hasara hiyo kwa hesabu nyepesi. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya meta moja ya mraba, huleta lita moja ya maji. Kwa mfano, kiwanja cha meta za mraba 300 kiwe na ua wa meta za mraba 100, na mvua iwe ya milimita 60. Ua peke yake utapokea lita 6,000. Udongo wake ukinywa nusu tu ya maji hayo, lita 3,000 hazitafika barabarani. Katika viwanja 20 vya namna hiyo, akiba ni lita 60,000, yaani mapipa 300 ya lita 200. Nyua hizo zikifunikwa kwa zege, maji yote hayo huingia mferejini kwa wakati mmoja, ilhali mfereji ni ule ule wa zamani.

Hesabu ya joto hufuata njia iyo hiyo. Ili lita moja ya maji igeuke mvuke, huhitaji nishati ya jouli zipatazo milioni 2.4. Udongo wenye unyevu na majani ya mti huitoa nishati hiyo katika mazingira yake, na hewa hupoa. Zege na lami havina maji ya kuvukiza. Huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, hata katika saa ambazo mwili wa binadamu unatazamia kupumzika.

Kazi ya tatu ya nafasi ya wazi huonekana siku ya maafa. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka mtaani humo na kuua watu. Siku kama hizo magari ya zimamoto, mitambo ya kunyanyulia vifusi na majeruhi huhitaji mahali, na mahali hapo hapawezi kutengenezwa saa ile ile.

Bonde na ua

Ni kweli kwamba ua haumalizi kila mvua. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ya zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya 40 wakafa, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ya kiasi hicho huhitaji nafasi kubwa zaidi, na nafasi hiyo ni bonde lenyewe. Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, ni uwanda ambao mto hutandaa unapojaa. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa huko imefurikwa mara kadhaa. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sasa unakusudia kujenga daraja jipya na kulifanya eneo la bonde kuwa bustani ya jiji, yaani kulirudishia kazi yake ya asili.

Bonde na ua, basi, ni viungo viwili vya mwili mmoja. Tofauti ni kwamba bonde lina jina, nao ua hauna. Huko Nairobi, mwaka 1989, palipotolewa pendekezo la kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Wangari Maathai alipinga hadharani, na hatimaye mpango huo ukaachwa. Bustani ile iliweza kutetewa kwa kuwa kila mtu aliijua na kujua mipaka yake. Nyua elfu za Kariakoo zilitoweka moja moja, kila moja kwa kibali cha kiwanja kimoja, na hapakuwa na siku moja ya kupiga kelele.

Nini kihesabiwe

Maghorofa yenyewe si adui. Mji unaojenga kwenda juu huokoa mashamba ya pembezoni. Kosa ni kuruhusu urefu uongezeke bila kudai chochote kwa ardhi iliyo chini. Marekebisho ya mpango yanaweza kutaka sehemu ya kila kiwanja ibaki bila sakafu, au viwanja jirani viunganishe nafasi zao nyuma, au jengo liwe na tangi la kupokea maji ya paa. Wazo hili la mwisho si geni Kariakoo. Soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kukamilika mwaka 1975 lilipewa mapaa ya zege yenye umbo la faneli, ambayo hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini.

Walimu wa jiografia na fizikia wanaweza kuanza kazi hiyo shuleni. Wanafunzi wapime viwanja vya mtaa mmoja, waandike ni meta ngapi za mraba zina udongo na ngapi zina zege, kisha wapime joto la hewa juu ya kila moja saa nane mchana na saa mbili usiku. Ramani watakayochora itakuwa na rangi moja ambayo kwa kawaida haimo katika ramani za mipangomiji. Siku watu wa mtaa watakapoitwa kutoa maoni juu ya marekebisho ya mpango, ramani hiyo iwe mezani.