Jina Hilo Umelitoa Wapi?

Kuna swali ambalo wachumba wengi hawaulizani mpaka fomu ya cheti cha kuzaliwa iwe mezani: mtoto atatumia jina la nani? Sisi lilitukuta mimba ikiwa na miezi saba. Mwenzangu ni Mpare wa Usangi, na Wapare mnawajua: Msuya ni Msuya, Mshana ni Mshana, kuanzia babu hadi kitukuu. Mimi mtoto wa Tanga. Jina langu la tatu ni la babu yangu tu, na la tatu la baba yangu ni la babu yake yeye. "Sasa ninyi ukoo wenu unaitwaje?" akaniuliza huku anacheka. Mie sikucheka.

Kwetu Pwani mtu ni fulani bin fulani, na mnyororo unaendelea mpaka pumzi ikuishie. Lile jina la mwisho kabisa, ambalo wanaojua Kiarabu huliita nisba, si la kila siku. Hutolewa kabatini siku ya posa, ya mirathi au ya msiba.

Usidhani ni pambo. Enzi za Wajerumani Tanga ilikuwa na waandishi wawili wakubwa. Mmoja ni Hemedi bin Abdallah, aliyetunga utenzi wa Wadachi walivyoiteka Mrima. Mwingine ni Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila, Muheza, kati ya 1895 na 1907. Ukisoma harakaharaka utasema hawa ni baba na mwana. Wapi! Wa kwanza ni Al-Buhriy, ukoo wenye asili ya Oman. Wa pili aliandikwa 'lAjjemy, yaani Mwajemi. Neno moja tu la mwisho ndilo linalokuonyesha kwamba hizi ni nyumba mbili tofauti. (Mtoto wa Hemedi hasa ni Sheikh Ali bin Hemedi, aliyekuwa kadhi Tanga. Aliandika kitabu cha mirathi na kingine cha nikahi, kwa hiyo ukoo huo una la kuwaambia wachumba.)

Na wala si Waarabu peke yao. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana zao walikuja na majina ya vijiji walivyoviacha Ufaransa: Percy, Montgomery, Sinclair. Mwanzoni waliweka "de" mbele, yaani "wa", kisha ikadondoka, kama sisi tunavyoidondosha "Al". Leo Montgomery ni Mwingereza tu, nani anakumbuka kijiji?

Wamazrui nao walitoka Oman, wakaitawala Mombasa mpaka Seyyid Said alipowavunja nguvu mwaka 1837. Wakahamia Gazi na Takaungu. Mbaruk bin Rashid akapigana na Waingereza mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka na watu wake, akaingia huku kwetu kwa Wajerumani. Jina likafika mpaka vyuo vikuu vya Marekani na Profesa Ali Mazrui. Alipofariki huko mwaka 2014, alirudishwa kuzikwa makaburi ya ukoo, jirani na Fort Jesus.

Milimani nako wapo Wakilindi, wanaosema mzee wao Mbegha alikuja kutoka Unguu akiwa mwindaji, akaishia kuwa mtawala wa Usambara. Hakupanda jahazi lolote.

Lakini kuna kitu kiliniuma. Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya Waswahili, ikiwemo Mtwapa na Kilwa. Upande wa kiume kulikuwa na asili kubwa ya Uajemi; upande wa kike karibu wote ni Waafrika wa hapahapa. Yaani babu aliyekuja na jahazi tunalo jina lake mpaka leo. Bibi aliyempokea, akampikia, akamfundisha lugha, hana hata herufi moja.

Nikamwambia mwenzangu hivyo hivyo, bila kuremba. Alinyamaza, kisha akasema la mwisho liwe la Kipare, la katikati litoke kwetu. Mama mkwe alinuna wiki mbili.

Kama bado mko kwenye uchumba, anzeni sasa, tena msiwaulize akina babu peke yao. Chukua daftari, kaa na bibi jioni moja, umwambie akutajie mama zake: mama, mama wa mama, na kuendelea. Bibi yangu alifika wa tano, mwanamke wa Pangani, kisha akaniomba kwanza anywe chai.