Barua ya Sentensi Tano: Matumizi ya Vyanzo katika Insha ya Kitaaluma

Tarehe 10 Januari 1980, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua kwa mhariri iliyoandikwa na Jane Porter na Hershel Jick wa Boston, Marekani. Ilikuwa na sentensi tano tu. Waandishi hao walieleza kwamba katika kumbukumbu za wagonjwa 39,946 waliolazwa hospitalini, 11,882 walipewa angalau dawa moja ya jamii ya afyuni. Na kwamba miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu, ni wanne tu ambao uraibu wao uliandikwa kwa uthabiti wa kuridhisha. Walihitimisha kuwa, ijapokuwa dawa hizo hutumika sana hospitalini, uraibu hutokea kwa nadra kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Barua haikueleza dozi, wala muda wa matibabu, wala yaliyowapata wagonjwa baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Hilo halikuwa kosa la waandishi wake. Ilikuwa barua, nayo haikujidai kuwa utafiti kamili.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kumshughulisha kila mwanafunzi anayeandika insha au tasnifu. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Kanada, walihesabu machapisho yaliyoirejelea barua hiyo wakapata 608, ilhali barua nyingine zilizochapishwa katika jarida hilo kipindi hichohicho zilirejelewa mara 11 hivi, kwa kipimo cha wastani wa kati. Katika machapisho hayo 608, 439 yaliitumia barua kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na 491 hayakutaja kabisa kwamba wagonjwa waliohusika walikuwa wamelazwa. Tayari mwaka 1990 makala katika Scientific American iliita barua hiyo utafiti mpana. Mwaka 2001 gazeti la Time likaipandisha daraja zaidi, likaiita utafiti wa kihistoria. Wakati huo vidonge vya oksikodoni vinavyofanya kazi kwa muda mrefu vilikuwa vimekwisha kuingia sokoni, na wagonjwa wa maumivu ya mgongo walikuwa wakivimeza nyumbani kwa miezi na miaka. Janga la uraibu lililofuata Marekani limeua mamia ya maelfu ya watu. Barua haikulisababisha peke yake, lakini watafiti wa Toronto waliona kwamba kunukuliwa kwake bila uhakiki kulichangia, na jarida lenyewe likaiambatishia tahadhari kwa wasomaji.

Inafaa kuangalia jinsi kosa lenyewe lilivyojengeka, kwa kuwa hakuna aliyeghushi takwimu. Mwandishi wa kwanza alifupisha, akaacha neno “hospitalini”. Wa pili hakuisoma barua. Alimsoma wa kwanza, kisha akaiweka barua katika marejeo yake kana kwamba aliishika mkononi. Wa tatu alimwamini wa pili. Wasomi wa hadithi za Mtume walilitambua tatizo hili karne nyingi zilizopita, ndiyo maana waliihoji isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, kabla ya kuyakubali maneno yenyewe. Mwanafunzi ambaye hakufanikiwa kukipata chanzo cha awali ana njia moja ya uaminifu: aandike kwamba fulani amenukuliwa na fulani, msomaji ajue habari imepitia mikono mingapi. Kusoma ikisiri pekee na kuorodhesha makala nzima ni udanganyifu wa aina hiyohiyo, ingawa umezoeleka mno kiasi cha kutoonekana.

Wanafunzi wengi hufundishwa kuuogopa wizi wa maandishi, na ni haki waogope. Lakini insha inaweza kupita salama katika programu za kugundua wizi huo, kila sentensi ikiwa na rejea yake, na bado ikawa imemsingizia kila mwandishi iliyemtaja. Rejea huonyesha tu neno limetoka wapi, haithibitishi kuwa limefikishwa kama lilivyosemwa.

Mahali pa kuanzia ni kitenzi. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya kuripotia: kudai, kueleza, kubaini, kupendekeza, kukisia, kuthibitisha. Havibadilishani nafasi. Anayeandika “Porter na Jick (1980) walithibitisha kuwa dawa za afyuni hazileti uraibu” amekosea mara mbili katika sentensi moja, kwa kuwa waliripoti tu, na waliloliripoti ni unadra. Sentensi yenye haki ingesomeka hivi: “Katika barua fupi, Porter na Jick (1980) waliripoti visa vinne vya uraibu miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizo wakiwa wamelazwa, hawakueleza muda wa matibabu, hivyo takwimu yao haiwezi kutumika kukadiria hatari kwa anayetumia dawa hizo nyumbani kwa muda mrefu.” Sehemu inayoanza na neno “hawakueleza” ndiyo ya mwandishi wa insha mwenyewe. Hapo amekiitikia chanzo: amekikubali katika mipaka yake, kisha akasema mipaka hiyo inaishia wapi. Insha isiyo na sehemu hiyo ni orodha ya maneno ya watu, hata kama orodha imepangwa vizuri.

Kosa hilo laweza pia kutendwa kinyumenyume, na hapa linaugusa moja kwa moja ukanda wetu. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma habari za janga la Marekani anaweza kuandika kwamba mofini ni hatari na itolewe kwa nadra, bila kujiuliza ushahidi huo ni wa wagonjwa gani. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imewahudumia wagonjwa wa saratani kwa mofini ya maji ya kunywa, na tangu mwaka 2004 sheria imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Vidonge vya mgonjwa wa mgongo huko Marekani na kijiko cha mofini cha mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa ni mambo mawili. Mwandishi anayekihamisha chanzo kutoka kundi moja kwenda jingine anadaiwa kueleza, palepale katika aya hiyo, kwa nini uhamisho huo unakubalika. Asipoweza kueleza, rejea hiyo na iondolewe, hata kama kuiondoa kutaiacha hoja yake bila mguu wa kusimamia.