Dafrao Lilale Wapi?

Asubuhi kwenye gati la Mokowe, boti za faiba hujipanga ubavu kwa ubavu, tatu, nne, na abiria wa kwenda Lamu huvuka kutoka moja hadi nyingine mpaka waifikie ile iliyo zamuni. Siku moja mbele yangu alikuwepo mama mmoja na kapu lake la maembe. Alipoingia boti ya pili, mguu ulitua juu ya dafrao lililolazwa sakafuni. Likabiringika naye. Nahodha alimdaka mkono, lakini maembe hayakuwa na wa kuyadaka. "Pole mama, pole sana," akasema, huku akilisukuma dafrao kwa teke chini ya benchi. Benchi lilipojaa watu, miguu ikalitoa tena.

Kwa asiyelijua, dafrao ni ule mto unaoning'inizwa ubavuni ili chombo kisisuguane na gati wala na chombo kingine. Vijana wa boti siku hizi husema fenda, au mpira tu. Tukienda kulinunua huwa tunauliza bei na uimara. Hatuulizi litalala wapi boti ikishang'oa nanga, na swali hilo ndilo linalokula pesa polepole.

Tufanye hesabu. Boti ya futi 21 inahitaji dafrao la unene wa inchi 5 au 6, kwa kanuni ya inchi 1 kwa kila futi 4 au 5 za urefu wa boti, ukipandisha hadi inchi nzima. Dafrao la namna hiyo huwa na urefu wa sentimita 58 hivi. Ukiwa nayo manne ya inchi 6 na ukayalaza sakafuni, yanachukua zaidi kidogo ya theluthi ya mita ya mraba. Mtu mzima aliyeketi, ukihesabu na mahali pa miguu, anachukua eneo kama hilo hilo. Kwa maneno mengine, madafrao manne ni abiria mmoja asiyelipa nauli. Sikwambii upakie kupita idadi iliyoandikwa kwenye leseni. Kama leseni inasema kumi, huyo wa kumi ndiye anayesafiri na magoti kidevuni, na ndiye kesho atakayechagua boti nyingine.

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Tairi kuukuu la gari ndilo rahisi kuliko yote, na mara nyingi hupatikana bure kwa fundi wa pancha. Kwenye jahazi la mbao lenye ubavu mkavu sina ugomvi nalo. Kwenye faiba nyeupe ni balaa: huacha michirizi myeusi ambayo utaisugua kwa sabuni mpaka uchoke. Tairi moja la gari dogo lina kilo sita, saba, kwa hiyo manne ni mzigo wa gunia dogo la mchele unaozunguka nao kutwa ukiuchomea petroli. Tena huhifadhi maji ya mvua tumboni, na mbu wa dengi hawatafuti nyumba nzuri kuliko hiyo. Toboa matundu chini ukilazimika. Lakini kwa maoni yangu tairi ni mali ya gati. Lifungwe pale, libaki pale, kila chombo kilitumie.

Dumu la mafuta ya kupikia la lita tano nalo ni la bure, na jepesi. Tatizo lake ni jua. Plastiki ile ikikaa nje huwa kavu kama ganda la yai, na siku ya mawimbi hupasuka kwenye mshono ukiwa huna lingine. Lishone ndani ya gunia ili lisikwaruze rangi, na ulihesabu kuwa la msimu mmoja. Likipasuka lina kazi ya pili: likate mdomo, ulifanye la kufulia maji.

Dafrao la kamba ya kumbi ni kitu kingine kabisa. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, yakapondwa, yakasokotwa, halafu fundi akasuka kamba mpaka ikawa kama boga refu. Ni kazi ya mikono na inaonekana. Kwa mashua ya mbao sijui kizuri kupita hiki. Ila kikilowa huwa kizito, hakikauki upesi, na mchanga ukiingia kati ya nyuzi hugeuka msasa kwenye faiba. Na kwa habari yetu ya leo kina ila kubwa zaidi: huwezi kukifungia kwenye sanduku chini ya kiti kikiwa kibichi, kitavunda na kunukisha boti nzima. Kinataka kulala nje, juani, yaani palepale unapotaka kupaokoa.

Tunabaki na la plastiki lenye upepo, lile jeupe au la buluu. Katika maduka ya vifaa vya boti ya Marekani na Uingereza, la kipimo tulichotaja huuzwa kama dola 25 hadi 45 kwa moja. Ukiliagiza utaongeza usafiri, forodha, na VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania Bara. Jambo moja litakuokolea pesa: uliza kama lina valvu, na kama lina valvu, liletwe bila upepo. Kusafirisha dafrao lililojaa ni kulipia hewa ya Ulaya ije Lamu. Utalijaza hapa kwa pampu ya mpira wa miguu yenye sindano inayofaa, si mpaka likaze kama ngoma. Ukibonyeza kwa dole gumba liingie kidogo. Jua la saa saba litamaliza kazi iliyobaki, maana hewa ya moto hutanuka, na lililojazwa sana asubuhi, adhuhuri hufumuka mshono.

Lipo pia la bapa, la sponji isiyonywa maji, ambalo hukunjwa na kugeuzwa mto wa kukalia. Sponji hiyo ni ya jamii moja na ya ndala. Waliounda jahazi la Flipflopi hapa Lamu, lililoshushwa majini 2018, walilivika maelfu ya ndala zilizookotwa, na baharini lilikwenda. Kwa boti ya abiria hili bapa ndilo lenye akili kuliko yote, kwa sababu likipanda chomboni linakuwa kiti. Lakini ni jembamba. Dhidi ya boti nyingine litatosha, dhidi ya gati la saruji wakati wa kusi, hapana.

Haya, litalala wapi? Wengi huliacha likining'inia safarini. Ni bure, na ni makosa: linapigapiga maji na kuwarushia abiria, linakwangua ubavu safari nzima, na siku kamba ikikatika huenda ikaishia kwenye panga la mashine. Chini ya benchi pia ni bure, mradi pasiwe mahali pa maboya ya kujiokolea. Nimewahi kupanda boti ambayo maboya yote yalikuwa yamezibwa na madafrao. Hapo mwenye boti alinunua usalama wa rangi kwa kuuza usalama wa watu.

Vikapu vya bomba la stenlesi vya kufunga kwenye uzio wa omo ndivyo utakavyoviona kwenye mashua za wazungu kule Kilifi na Mtwapa. Ni vizuri, na huko vinakotoka bei ya kikapu mara nyingi hupita bei ya dafrao linalolala ndani yake. Fundi wa kuchomelea wa mjini anaweza kukutengenezea kwa bei ndogo, ila hakikisha hachanganyi stenlesi na chuma cha kawaida. Chumvi haina subira na mchanganyiko huo.

Mimi napenda bomba la plastiki la maji machafu, lile la milimita 200. Mafundi bomba huwa na vipande vilivyobaki, na dafrao la inchi 6 huingia humo kwa nafasi ya kutosha. Kata kipande cha sentimita 40, toboa matundu matatu chini maji yatoke, kipake rangi jua lisikile, kisha kifunge kimesimama nyuma, kila upande wa mashine, mahali ambapo hakuna anayekaa. Dafrao linaingia wima, kamba yake juu, na mkono wa baharia unalifikia bila kumwambia mtu asimame. Sakafu linayochukua sasa ni ya sahani moja. Asiye na nafasi hata hiyo atumie kipande cha wavu kuukuu chini ya turubai la kivuli, au mipira ya tyubu ile ya kufungia mizigo ya bodaboda, alibane chini ya ukingo kwa ndani. Wavu ni karibu na bure, ingawa abiria warefu watakulalamikia.

Kabla hujanunua manne, kuna njia ya kupunguza idadi. Zungushia ukingo wa boti mkanda wa mpira mnene, au kamba nene kuukuu ya meli iliyofungwa kwa skrubu za stenlesi, na kila tundu lizibwe vizuri maji yasipenye. Huo ni dafrao lisilopanda kamwe chomboni. Boti kwa boti, kingo zikiwa za kimo kimoja, mkanda unamaliza kazi. Kwenye gati hautoshi, kwani wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na boti iliyofungwa sawa asubuhi, alasiri inasugua nguzo mahali pengine kabisa. Hapo madafrao mawili na ubao mbele yake yanafaa kuliko manne matupu, kwa sababu ubao huteleza kwenye nguzo wakati mpira peke yake huchomoka pembeni. Na ubao huo hautaki mahali pake pa kulala: ndio huo huo wa kushukia abiria.

Kwa boti ya faiba ya futi 21 inayovusha watu, basi, ningelipia mkanda wa ukingo kwanza, halafu madafrao mawili tu ya upepo yenye valvu, vipande viwili vya bomba na ubao mmoja. Mwenye jahazi la mbao abaki na kumbi lake, sitaha anayo. Na wewe uliyeko njiani kwenda dukani, rudi kwanza botini na futi ya kupimia, upime mahali pa kulilaza kabla hujapima dafrao.