Kemia Inavyowaumbua Waghushi wa Vyombo Vitakatifu

Kasha la Mwiba Mtakatifu lina urefu wa sentimita 30 hivi. Lilitengenezwa Paris karibu mwaka 1400, kwa dhahabu, lulu na yakuti, ili kuhifadhi mwiba unaoaminiwa kuwa ulitoka kwenye taji la Yesu. Chini yake kuna kilima cha kijani, na wafu wadogo wanafufuka kutoka majenezani huku malaika wakipiga tarumbeta.

Katika miaka ya 1860 kasha hilo lilitolewa kwenye hazina ya kifalme ya Vienna, Austria, likapelekwa kutengenezwa kwa Salomon Weininger, mfanyabiashara wa vitu vya kale. Weininger akatengenezesha nakala, akarudisha bandia na kubaki na lenyewe.

Hazina ikapokea bandia bila kushtuka. Kasha halisi liliuzwa, likafika kwa ukoo wa Rothschild, na mwaka 1898 likaachiwa British Museum, London, kwa wosia. Mwaka 1959 chombo cha Vienna kilipelekwa London, vyote viwili vikakaguliwa pamoja, ikathibitika kuwa la London ndilo la kweli. Weininger alikuwa ameshafia gerezani mwaka 1879, akitumikia kifungo kwa kughushi vitu vingine.

Siku hizi jicho la mtaalamu lina msaidizi. Kifaa cha eksirei huelekezwa kwenye chombo bila kukikwangua, na kila elementi iliyomo hurudisha mionzi ya aina yake.

Hapo ndipo mghushi hunaswa. Fedha iliyosafishwa kwa tanuri za kale kwa kawaida hubakiwa na chembe za dhahabu na risasi. Ya kisasa, iliyosafishwa kwa umeme, huwa safi mno. Masonara wa zamani wa Ulaya waliyeyusha dhahabu katika zebaki, wakaipaka kwenye chombo na kukichoma, na mabaki ya zebaki hubaki humo. Uchovyaji wa dhahabu kwa umeme ulishika kasi baada ya 1840, nao hauachi alama hiyo. Rangi ya kijani yenye kromiamu haiwezi kuwa ya mwaka 1400, kwa kuwa elementi hiyo iligunduliwa 1797. Vivyo hivyo lehemu yenye kadimiamu, elementi iliyogunduliwa 1817.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Eksirei husoma tabaka la juu tu; lehemu mpya yaweza kuwa ya matengenezo ya halali, na mghushi mjanja huyeyusha sarafu za kale apate fedha ya kale. Ndiyo maana wakemia hukaa meza moja na wanahistoria na masonara.

Kwa parokia, misikiti na familia zenye vyombo vya urithi, kinga ya kwanza haihitaji maabara. Kabla chombo hakijaenda kwa fundi, kipigeni picha pande zote, kipimeni uzito, andikeni kila mkwaruzo na kila muhuri. Kikirudi, kilinganisheni na kumbukumbu hizo kabla ya kusaini kuwa mmekipokea.