Ilula: Wageni wanapita, sisi tunawapungia mkono. Tatizo nini?



Leo tuongelee ule wimbo wetu wa kila wikiendi hapa Ilula: "Hapa kwetu hakuna kitu." Muulize kijana yeyote jioni anafanya nini, majibu ni yale yale. Kibanda umiza kuangalia mpira, meza ya pul, kijiwe, na msimu ukifika, ulanzi. Basi. Mwenye hela kidogo anapanda kosta kwenda "mjini", yaani Iringa, anakula chipsi anarudi.

Na wageni je? Wageni wapo tena wengi mno, ila wanapita. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya hadi Zambia imekatiza katikati yetu. Gari likisimama, abiria ananunua nyanya na vitunguu kupitia dirishani, konda anagonga bodi, huyoo wameondoka. Na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, wengine wanatupita wamelala fofofo, hawajui hata kama kuna mji unaitwa Ilula.

Sasa swali: ni kweli hatuna kitu, au tuna kitu ila mgeni hana sababu ya kushuka?

Mimi nasema tunacho, na jina lake ni LUGALO.

Mtajie mtu wa Dar neno Lugalo, atawaza kambi ya jeshi, hospitali ya jeshi au uwanja wa gofu. Wachache wanajua kwamba jina lile limetoka huku kwetu, kando ya barabara hii hii, kati ya Ilula na Iringa mjini. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, kiliingia kwenye mtego wa jeshi la Mtwa Mkwawa. Wahehe walijificha kando ya njia wakawaacha waingie, kisha wakawavamia wakiwa kwenye msururu. Kwa muda mfupi tu Zelewski mwenyewe alikuwa ameuawa, pamoja na askari wake zaidi ya 200, na bunduki na mizinga vikabaki mikononi mwa Wahehe. Mjerumani alirudi mwaka 1894 akaivunja ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa aliendelea kupambana porini mpaka mwaka 1898 alipojiua mwenyewe asikamatwe.

Stori haikuishia hapo. Fuvu la Mkwawa lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa kumaliza vita kuu ya kwanza! Likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Yaani wakubwa wa dunia walikaa Ufaransa wakaandika habari za mtu wa hapa, na sisi tunapita Lugalo tukiwa tumevaa hedifoni.

Naongea kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Binamu yangu alikuja kutoka Dar, nikampeleka kwenye mnara ambao Wajerumani walijenga kuwakumbuka wafu wao. Akaniuliza, "Kaka, hawa walipigana vipi? Mtego uliwekwa upande gani?" Nikabaki natoa macho. Nimezaliwa huku, nimepita pale kwenye basi sijui mara ngapi, sikuwa na jibu hata moja. Akauliza soda baridi inapatikana wapi, na pa kujisaidia je? Nikatoa macho tena. Tulikaa dakika kumi, tukapanda bodaboda tukarudi. Hela aliyoacha Ilula siku ile ni nauli ya bodaboda na ndizi mbili.

Hapo ndipo nikaelewa hii biashara ya wageni inavyofanya kazi. Kivutio peke yake hakimkalishi mtu. Mgeni anahitaji vitu vinne:

1. Cha kuona. Tunacho.
2. Wa kumweleza. Bila maelezo, mnara ni mawe tu.
3. Pa kukaa, kula na kujisaidia. Msicheke, choo kisafi kinasimamisha gari kuliko bango la rangi. Mtu aliyetoka Dar ameshakaa kwenye kiti zaidi ya kilomita 400, amepanda Kitonga na makona yake yote. Anachotaka kwanza siyo historia, anataka kunyoosha miguu.
4. Cha kununua. Hapo ndipo hela inapobaki kijijini.

Kila kimoja kinaongeza muda wa mgeni kukaa, na muda ndiyo hela. Wa dakika tano ananunua nyanya. Wa saa mbili anakula wali. Akilala, analipa gesti, chakula cha usiku, chai ya asubuhi na bodaboda.

Mtasema haya ni ya Arusha na Zanzibar. Hapana, angalieni hapo Iringa mjini tu. Lile jengo la zamani la Mjerumani, Boma, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Jengo lilikuwepo miaka yote, watu wanapita nje. Kilichoongezwa ni maelezo na mlango ulio wazi. Au Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu wanatengeneza bidhaa za mikono, hadi karatasi za kinyesi cha tembo. Mgahawa wao una wahudumu viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi, unaletewa. Watu wanaondoka wanasimulia. Kuna Gangilonga, jiwe linaloongea, unapanda jioni unauona mji wote. Kuna Isimila, kilomita 20 hivi njia ya Mbeya, zenye zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo ndefu za udongo. Na wageni wa hifadhi ya Ruaha, hifadhi tangu 1964, wengi wanaokuja kwa barabara kutoka Dar lazima wapite mbele ya nyumba zetu ndipo wafike. Lazima!

Kwa hiyo sisi hatuhitaji kujenga hoteli ya ghorofa kumi. Tunahitaji mama ntilie mwenye choo safi na maji ya kunawa. Kibao cha maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka. Vijana wawili watatu waliokaa na wazee wakaijua stori ya Lugalo barabara, siyo ya kubahatisha. Lakini angalizo: kazi ya kuongoza watalii ina leseni yake kisheria, kwa hiyo anzeni kwa kuuliza halmashauri ya Kilolo, msije mkaanza kwa ujanja mkaishia polisi.

Na hapa nawaomba radhi, nitawagusa wengine. Kuna ndugu zetu wanaota rupia. Wakiona alama yoyote ya Mjerumani, usiku wanakuja na sururu. Jamani! Rupia ilikuwa hela ya kawaida ya matumizi enzi hizo, siyo kwamba kila alipokanyaga Mjerumani alizika sanduku. Sehemu nyingi za historia nchini zimeharibiwa hivyo, na mchimbaji kaondoka na jasho tu. Malikale zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukiuvunja mnara umeua mtaji wa mdogo wako, maana huo ndiyo utajiri wenyewe, haujafukiwa, umesimama juu ya ardhi.

Pendekezo langu ni dogo. Wageni wa kwanza wa Lugalo tuwe sisi. Tarehe 17 Agosti ijayo vijana wa Ilula tuchange nauli, tumchukue mzee mmoja anayeijua stori, tubebe mahindi ya kuchoma, twende tukakae pale tusikilize. Hiyo nayo ni burudani, au burudani ni pul peke yake? Mwaka wa kwanza tutakuwa ishirini. Mwaka wa pili atakuja mama wa maandazi. Mwaka wa tatu basi litapunguza mwendo, abiria waulize kuna nini.

Siku hiyo binamu yangu akiniuliza mtego uliwekwa upande gani, nitamjibu.

Haya wadau, mnasemaje? Nani anamjua mzee wa kutusimulia? Nawakilisha.