Maneno Yaliyojificha Ukurasani
Mpangaji wa kurasa aliyeko Nchelenge, Zambia, ambaye kazi humkatikia kwa mgao wa umeme kama ule ulioienea nchi hiyo mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Ziwa Kariba, asitaharuki: programu ya InDesign huweka akiba ya dharura, na ikifunguliwa tena huirejesha, naye aihifadhi papo hapo kwa jina jipya. Tena, hata maandishi yakitoweka ukurasani bila umeme kukatika, aghalabu hayakupotea hata kidogo. Akifuta fremu moja ya maandishi kati ya zilizounganishwa, maneno huhamia iliyosalia, na alama nyekundu ya kujumlisha, chini kulia, hushuhudia kwamba yamekosa nafasi tu. Aibofye, kisha abofye mahali patupu, yatamiminika. Fremu iliyofutwa ikiwa ni ya pekee, hana budi kutengua ufutaji huo kabla ya kufunga waraka.